Uzi: Tuache kukimbilia roboti ya tani 100. Kila mashine ya vita ina kazi yake

Mwisho_wa_Reli (mleta mada), Kigoma

Wakuu, habari za humu jukwaani.

Moderata naomba huu msiuunganishe na ule wa "unaangalia anime gani sasa hivi". Ule ni wa burudani, huu ni wa ubishi.

Hapa Mwanga, Kigoma, tuna kijiwe cha BattleTech. Kwa wasioijua: ni gemu ya mezani kutoka Marekani, ilitoka 1984. Unaongoza kikosi cha roboti kubwa zenye rubani ndani, unarusha dadu mbili, unapiga hesabu. Vile visanamu vyake vya dukani hatuna ubavu navyo. Ramani tumechapisha steshenari, karatasi zimeungwa kwa selotepu, na roboti zetu ni vizibo vya soda. Kila kizibo kina mshale wa maka peni kuonyesha uso umeelekea wapi, maana deraya ya mgongoni ni nyembamba na mtu akikuzunguka umekwisha. Pembeni kuna karatasi ya kila mashine yenye viduara vya deraya. Ukipigwa unavitia penseli kimoja kimoja, mpaka vinaisha na unaanza kukatwa vya ndani: injini, mtambo wa kulengea, ghala la risasi.

Sasa kila kijana mgeni akifika kijiweni swali lake ni moja: "Ipi ndiyo kubwa?" Anakabidhiwa Atlas, tani 100, uso wake umechongwa mfano wa fuvu la kichwa. Saa moja baadaye analalamika dadu zina mkosi.

Dadu hazina mkosi. Tatizo anadhani uzito ndiyo kazi.

Hoja yangu iko hivi. Anayebuni mashine ana tani zake chache tu za kugawa: injini, deraya, silaha, risasi, vipoza joto. Akijaza huku anapunguza kule. Ukitaka kujua mashine imeumbwa kufanya nini, usiangalie ilichojaaliwa. Angalia mbunifu alibana wapi.

Gemu yenyewe inagawa uzito kwa madaraja manne: nyepesi tani 20 hadi 35, za kati 40 hadi 55, nzito 60 hadi 75, na zile za kubomoa ngome 80 hadi 100. Watu wanakariri hapo wanadhani wamemaliza. Haya, nielezeni kuhusu Charger. Ina tani 80, kwa uzito ni mbomoa ngome kabisa. Lakini karibu kila kitu kimemezwa na injini ili ikimbie, silaha zilizobaki ni leza ndogo tano. Ni skauti wa tani 80! Upande wa pili kuna UrbanMech, tani 30, kwa daraja ni nyepesi, ungedhani inakimbia. Haikimbii. Inajikokota kilomita 32 kwa saa, ina mzinga mmoja wa maana, na kazi yake ni kukaa nyuma ya jengo mjini kusubiri mtu apite. Daraja la uzito lingekwambia Charger ikavunje mlango na UrbanMech ikapeleleze. Ukifanya hivyo utazipoteza zote mbili kabla chai haijapoa.

Tuje kwenye Locust, tani 20, ndogo kuliko zote ninazozitaja hapa. Leza moja ya kati na bunduki mbili za rashasha. Deraya yake yote ina pointi 64, ya Atlas 304. Mgeni akiiona anacheka. Sasa fuateni hesabu. Rubani wa kawaida anaanza na 4. Akitembea huku anapiga, ongeza 1. Shabaha ikiwa masafa ya kati, ongeza 2. Locust ikikimbia pembesita kumi au zaidi kwa zamu moja (pembesita ni kile kijumba cha pembe sita kwenye ramani), ongeza 4. Jumla 11. Yaani unatakiwa utoe 11 au 12 kwa dadu mbili, na katika michanganyiko 36 ya dadu mbili ni mitatu tu inayokupa hiyo. Mara moja katika kumi na mbili. Atlas ikitembea hatua zake tatu inampa adui nyongeza ya 1 tu, jumla inakuwa 8, na hapo anapata mara 15 katika 36. Kwa hiyo ile ndogo ina deraya ya aina mbili, ya chuma na ya mbio, na ya mbio haiishi kwa kukatwa penseli.

Ila Locust nayo ikikimbia inajiharibia shabaha yake yenyewe kwa 2. Ndiyo maana nasema haikuumbwa kuua. Imeumbwa kuona na kuzunguka. Anayeshinda kura ya zamu anasogeza wa mwisho, akiwa ameshaona wenzake wote walipokwenda. Locust ikisogezwa ya mwisho inaibukia mgongoni kwa mtu, na hapo hata leza moja inatosha kumfanya rubani wa Atlas aanze kugeuka. Akigeuka, mgongo wake unawaelekea wengine.

Halafu kuna Catapult, tani 65, mabegani ina masanduku mawili ya makombora ya masafa marefu. Inaweza kukaa nyuma ya kilima isionekane na mtu na bado ikapiga, mradi mwenzake mmoja anamuona adui. Masafa yake ni pembesita 21, kila moja ni mita 30, kwa hiyo mita 630. Lakini ukiisogelea ukafika pembesita sita au pungufu makombora yanaanza kukosa, na risasi zake zinatosha mipigo minane tu kwa kila sanduku. Ukiipeleka mbele ikapigane uso kwa uso umetupa mashine.

Utamu mwingine uko hapa, na wengi hawausomi: unapopiga kwa macho ya mwenzako, mwendo wa yule anayeona nao unaongezwa kwenye ugumu wa shabaha. Locust ikikimbia inajilinda, ila makombora ya Catapult yanapotea. Ikisimama makombora yanalenga vizuri, ila yenyewe inageuka nyama. Kazi ya skauti yote iko kwenye kuchagua zamu ipi asimame, na nyuma ya nini.

Karibuni mnipinge. Ila mje na hesabu.

kibirizi_usiku

Siti ya mbele, sambusa mkononi. Mkuu umeshusha nondo, sasa tusubiri wazee wa katuni za Kijapani, wale wa "Gundam inazipiga zote".

bibi_dadu, Kigoma

Mleta mada umesahau joto, na joto ndilo linalogawa kazi kuliko hata mbio. Nashangaa maana juzi hapo kijiweni wewe ndiye uliyezimikiwa mashine katikati ya mto, lakini tuyaache.

Chukueni Warhammer, tani 70. Ina mizinga miwili ya umeme, mikononi, kila mmoja ukipiga unazalisha joto 10. Vipoza vyake ni 18. Ukipiga yote miwili huku unakimbia umezalisha 22, umepoza 18, zimebaki 4. Zamu ya pili ukirudia una 8. Kwa 5 mwendo unapungua. Kwa 8 shabaha inaharibika. Ukiendelea mpaka 14 unaanza kurushia dadu isizimike, na kwa 19 unarushia dadu risasi zako zisilipuke zikiwa tumboni. Ikifika 30 inazima yenyewe, hakuna cha dadu.

Na hapo sijagusa leza zake wala makombora madogo. Mtu mwenye pupa anabonyeza kila kitu zamu ya kwanza.

Kwa hiyo Warhammer ni mashine ya kupiga kwa mpangilio: mizinga miwili, halafu mmoja, halafu miwili. Inataka mwenzake wa kuziba ile zamu ya mzinga mmoja. Ikiwa peke yake, adui mjanja anahesabu pamoja na wewe na anakuja zamu unayopoa. Ndiyo maana mimi kikosi cha mashine nne huwa sichagui nne zinazochemka, nachagua mbili za umeme na mbili za risasi. Za risasi hazichemki sana, zinaisha.

Mtu akisema "hii nzito hii nyepesi" namuuliza: hii inachoka kwa joto au kwa njaa? Hayo ndiyo madaraja yangu.

Mzee_wa_Gwaride

Vijana nimewasoma. Mimi nimevaa magwanda miaka mingi, sasa nalima michikichi yangu huku kijijini, na mjukuu ndiye kanionyesha huu uzi.

Nauliza jambo moja. Kitu chenye urefu wa jengo la ghorofa tano kinatembea kwa miguu miwili, kinaonekana kutoka kilima cha tatu. Mwenye mzinga wa kawaida aliyejichimbia kule mbali atakiangusha kabla rubani hajamaliza kufunga mkanda. Askari wa kwanza anachofundishwa ni kulala chini. Nyie mmebuni askari asiyeweza kulala! Halafu masafa ya mita 630, hayo ni masafa ya bunduki. Kazi ya hicho kitu ni nini ambayo kifaru hakiifanyi?

Mwisho_wa_Reli

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo swali lenyewe, na hata waandishi wa hizi hadithi wanalijua, ndiyo maana wazuri wao wanaanza kwa kulijibu.

Kwenye Gundam, mfululizo wa Japani wa mwaka 1979, walibuni chembe zinaitwa Minovsky. Zikimwagwa hewani rada inakufa, makombora ya kuongozwa kutoka mbali hayaoni. Vita vyote vinarudi kwenye macho. Yule wako aliyejichimbia mbali hajui ampige nani, na aliye karibu anahitaji mashine inayogeuka haraka na yenye mikono. Ukiondoa zile chembe Gundam yote inaanguka, nakubaliana nawe asilimia mia.

Na angalia walivyogawa kazi ndani ya meli moja. Guntank haina hata miguu, inakwenda kwa minyororo, mizinga mirefu mabegani, hiyo ni ya mbali. Guncannon ni ya masafa ya kati, deraya nene, mizinga miwili mabegani, haina upanga. Gundam yenyewe, mita 18, ndiyo inayoingia kati na upanga wa mwanga. Watu wanaikumbuka ya tatu kwa sababu ndiyo jina la mfululizo, lakini mradi ulibuniwa kwa zote tatu pamoja. Jeshi lilipoamua kutengeneza nyingi za bei nafuu, zile GM, wakaichukulia Gundam kama mfano na kuikata gharama. Hapo ndipo ile mashine ya ajabu ilipogeuka askari wa kawaida.

Kuhusu asiyeweza kulala: kuna mfululizo mwingine wa Kijapani wa 1983, Votoms, mashine yake kuu Scopedog ina mita nne tu hivi. Deraya nyembamba, chini ya nyayo kuna magurudumu ya kuteleza, na ile maji ya kuendeshea misuli yake inashika moto. Hakuna anayeionea fahari, rubani akiiharibu anapanda nyingine. Hiyo mzee nadhani ungeielewa. Inapita mlango wa ghala.

Kwa BattleTech sina utetezi wa masafa. Meza ina mwisho, wakakata masafa yatoshe mezani.

Mzee_wa_Gwaride

Marahaba. Hiyo ya mita nne naikubali. Hizo nyingine ni minara ya simu.

embe_la_Tabora, Tabora

Nyie watu wa mwisho wa reli mna shida ya kupenda vitu vikubwa kwa sababu mmezoea kuangalia ziwa. Njooni huku Unyanyembe mcheze kwenye miombo.

Nimekaa na hizi sheria, nawaambia kitu. Kwenye BattleTech msitu mwepesi unahesabiwa 1, mzito 2, na jumla ya 3 kati yako na adui inafunga macho. Pembesita tatu za msitu mwepesi ni mita tisini. Yaani ukichora ramani ya pori la kwetu ukaitendea haki, hakuna anayemuona mwenzake zaidi ya hapo. Catapult ya mleta mada inabaki inapiga miayo. Masafa yake mita 630, macho yake mita tisini.

Huku mfalme ni Hunchback, tani 50, begani ana ule mzinga wa AC/20. Masafa yake mafupi ni pembesita tatu, ambazo ni ile mita tisini yenyewe. Ukipiga moja ni pointi 20. Adui akila pointi 20 kwa zamu moja lazima arushe dadu asianguke. Ikimpata kichwani, kichwa cha mashine yoyote hakizidi pointi 9 za deraya na 3 za mifupa, jumla 12, hata cha Atlas. Hesabu mwenyewe.

Na huku si mageni haya. Mirambo alijenga dola yake kwa ruga-ruga: vijana wepesi, mwendo wa kasi, wanamfikia adui kabla habari zao hazijafika. Hakuwa na haja ya mtu mkubwa kuliko wote. Alikuwa na haja ya kufika.

Kwenye mpira mnaelewa, kwenye roboti hamtaki kuelewa: mnasajili namba 9 kumi na moja halafu mnashangaa nani atakaba. Locust ni namba 6. Hatajwi redioni mpaka siku hayupo.

bibi_dadu

Embe, Hunchback sawa, ila taja na njaa yake. AC/20 ina mipigo mitano kwa tani moja ya risasi, na Hunchback imebeba tani mbili. Ukipiga ovyo ndani ya hilo pori lako la mita tisini, zamu ya kumi na moja unatembea na bomba tupu begani. Na kila mtu anajua liko bega lipi. Adui anaanza kupiga upande huo tangu mwanzo.

embe_la_Tabora

Ndiyo maana dada yangu sipigi ovyo. Nakaa.

samaki_mbichi

Na zile za Evangelion, mfululizo mwingine wa Kijapani? Zile si ndizo kubwa zenyewe?

Mwisho_wa_Reli

Evangelion kazi yake imeandikwa kwenye waya. Inapata umeme kwa kebo iliyochomekwa mgongoni, kebo ikikatika betri ya ndani inatoa dakika tano. Mashine ya namna hiyo ni mlinzi wa mji, haiwezi kuwa kitu kingine. Huwezi kuituma ivamie mkoa mwingine. Hadithi yote imejengwa juu ya hilo: adui ndiye anayekuja, wao wanasubiri.

samaki_mbichi

Dah. Nilikuwa sijawahi kuiona hivyo. Endeleeni.

liemba_damu, Kigoma

Mmenigusa na hilo la ziwa, embe. Ngoja nije na mashine za kweli, kisha nirudi kwenye roboti, msinifungie uzi.

Vita vya Kwanza, ziwa letu hili. Wajerumani walikuwa wanalitawala kutoka Kigoma hapa hapa. Walikuwa na Kingani, ndogo. Hedwig von Wissmann, kubwa kidogo. Na mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen, meli ya mita zaidi ya sabini. Ilijengwa Papenburg, ikavunjwa vipande, ikasafirishwa kwenye makreti mpaka Dar es Salaam, ikaja kwa reli na kuungwa hapa. Wakaipa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyofia Rufiji. Kwa lugha yenu hiyo ndiyo Atlas ya ziwa.

Waingereza walileta nini? Boti mbili za mita 12, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa reli, zikavutwa porini Katanga kwa injini za mvuke na maksai, zikafika upande wa Kongo. Deraya hakuna. Mzinga mdogo mmoja mbele. Mbio tu. Hizo ni Locust, mkuu, nakuunga mkono kabisa.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ikatoka kuchungulia. Mzinga wake ulikuwa unapiga mbele tu. Zile boti zikaiacha ipite, zikatoka, zikaifuata kwa nyuma ambako haiwezi kujibu. Ikatekwa, ikatengenezwa, ikapewa jina Fifi, ikarudi ziwani kupigana na waliokuwa wenyewe. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig. Kama kuna mtu bado anabisha kuhusu deraya ya mgongoni na nani anasogea wa mwisho, aende pale bandarini akayaangalie maji.

Lakini mleta mada, hapa ndipo nakupinga. Umeongea kana kwamba ile kubwa ni mzigo. Götzen ilipotokea, kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, hakwenda kuigusa. Akabaki bandarini. Na baadaye Wajerumani walipohitaji mizinga nchi kavu wakang'oa ile ya Götzen, wakaweka ya mbao. Ya mbao! Ikaendelea kuogopwa. Mpaka Julai 1916 walipoizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, injini zimepakwa grisi ili siku moja wairudie. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba.

Kwa hiyo Atlas ina kazi ambayo haimo kwenye hesabu yako ya dadu. Kazi yake ni kusimama mahali ili wengine wasipite hapo. Ukiiweka katikati ya ramani isipige hata risasi moja, bado adui atazunguka, na wewe umeshajua atazunguka wapi. Hunchback ya embe iko huko inamsubiri.

Mwisho_wa_Reli

Liemba hapo umenibana vizuri. Ila ona, hata wewe umeipa kazi kwa kile inachokosa. Atlas haiwezi kumkimbiza mtu, hatua tatu kwa zamu, kwa hiyo kazi pekee ya maana ni kuwa mahali ambapo mtu hawezi kuachana napo: daraja, stesheni, bandari. Kijana wangu wa kijiweni anaichukua na kuanza kukimbiza Locust uwanjani. Hapo inakuwa mzigo.

Na kwa pointi: gemu inapima thamani ya kila mashine ili pande mbili ziwe sawa. Atlas ni 1,897. Locust ni 432, kwa hiyo nne ni 1,728. Nne hazifiki hata Atlas moja. Uwanja mtupu wa ziwa nitachukua Atlas bila kufikiria, ina vitu vya masafa yote. Miombo ya Tabora nitachukua Locust nne na nitalala mapema.

kibirizi_usiku

Swali la mgeni: kwenye kikosi cha nne lazima awepo skauti?

bibi_dadu

Si lazima mdogo wangu, ila lazima awepo wa kuona. Mimi napenda Raven, tani 35. Si ya mbio sana wala haina ngumi, lakini imebeba mitambo: ya kunusa waliojificha, ya kumulika shabaha, na ya kuvuruga mitambo ya adui ndani ya pembesita sita. Watu wanaipita wakitafuta cha kupiga. Mimi ndiyo naanza nayo, kisha nauliza wengine watatu wanahitaji kuona nini.

embe_la_Tabora

Sasa maneno mengi. Tuchore ramani. Nusu miombo, nusu maji, reli inapita katikati, stesheni mwisho. Kazi ni kuishika stesheni zamu kumi na mbili. Mimi naleta Hunchback mbili, Raven moja, Catapult moja. 2,082 na 708 na 1,399, jumla 4,189. Mtu yeyote wa Kigoma alete kikosi chake chini ya hapo. Nakuja na treni, maandazi juu yenu.

liemba_damu

Atlas mlangoni pa stesheni, Locust mbili porini, nyingine nitaitaja siku hiyo.

Mzee_wa_Gwaride

Vijana, ile fupi ya tani 30 inayokaa nyuma ya jengo, pointi zake ngapi?

bibi_dadu

UrbanMech? 504 mzee.

Mzee_wa_Gwaride

Basi nipeni nane. 4,032. Nitaziweka nyuma ya mabohari pande zote mbili za reli, na sitasogeza hata moja mpaka huyo wa Tabora ateremke mwenyewe.

embe_la_Tabora

Nane?! Dada bibi_dadu, hiyo inaruhusiwa?

bibi_dadu

Pointi zinatosha. Tafuta vizibo.